Meno ya Bwana Thomson

(Maneno niliyoyasema Pangani mbele ya walimu na wanafunzi wa fasihi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nilichopunguza ni kukohoa tu.)

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu mlioacha baraza zenu mkaja kukaa kwenye viti hivi vya plastiki, na nyinyi wanafunzi ambao najua mmeletwa kwa orodha: assalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe kwa wa upande huo. Hamjambo?

Nimeombwa niseme juu ya hadithi za safari na ushujaa walizoandika Waingereza enzi za Malkia Victoria, na jinsi zilivyoijenga dola kichwani mwa msomaji kabla haijajengwa ardhini. Mwalimu aliyenialika alitaka nianze na nadharia. Nimemwomba radhi. Naanza na meno.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na meno ya bandia. Manne, ya mbele juu, yameshikizwa kwenye kipande cha plastiki chenye rangi ya ufizi. Usiku aliyavua akayatia kwenye kikombe cha bati cheupe, ukingo wa buluu, kikawekwa dirishani. Sisi wajukuu tulilijua jambo moja tu kuhusu meno yale: kikombe kile hakinywewi chai. Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyeanguka kifudifudi. Hata paka alikuwa akipita pembeni yake bila kugeuza shingo.

Sasa, nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na kitabu kisicho na jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, akawa anatusomea Ijumaa kipindi cha mwisho. Kilikuwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Hiyo ni riwaya ya Mwingereza Rider Haggard, iliyotiwa katika Kiswahili na Frederick Johnson ikachapishwa 1929. Johnson huyo mwaka uliofuata ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha iliyosanifisha Kiswahili tunachosahihishia mitihani mpaka leo. Jina la kitabu lilituchangamsha, maana Nabii Suleiman tulimjua tangu chuoni: majini na upepo vilikuwa chini ya amri yake. Lililotutatiza ni hayo mashimo. Mwandishi alikusudia machimbo ya almasi. Sisi tukawaza mashimo ya kupandia migomba, hatukuelewa kwa nini watu wazima wafe njiani kwa ajili yake.

Tukafika pale. Wazungu watatu, Quatermain mwindaji, Sir Henry na Captain Good wa jeshi la wanamaji, wamevuka jangwa na milima ya theluji wakiwa na Umbopa, mtumishi wao. Wako kando ya kijito. Good amevua suruali, anajinyoa, upande mmoja wa uso umekwisha, mwingine bado. Mara wanatokea wapiganaji wa Wakukuana. Kijana mmoja anarusha kisu. Wazungu wako hatarini kuuawa. Good kwa wasiwasi anafanya alivyozoea: anashusha meno yake ya bandia, anayarudisha. Wapiganaji wanarudi nyuma kwa hofu. Quatermain anaona upenyo: sisi, anawaambia, tumetoka kwenye nyota. Na maskini Good analazimika kuendelea na safari hivyo hivyo, nusu ndevu, miguu wazi, maana ndivyo alivyoonekana alipoteremka mbinguni.

Darasa zima tulicheka mpaka machozi. Jioni nikarudi nyumbani, nikasimama dirishani, nikakitazama kikombe. Nikajua kuna mtu ananidanganya, ila sikujua ni nani: babu, mwalimu, au kitabu.

Meno yale, ndugu zangu, Haggard hakuyatunga kutoka hewani. Yalikuwa na mwenyewe. Na mwenyewe alisafiri na mtu wa hapa hapa Pangani.

Joseph Thomson alikuwa Mskoti. Alikuja kwetu mara ya kwanza 1879 akiwa na miaka 21, chini ya kiongozi aliyeitwa Keith Johnston. Johnston akafa Behobeho, hata maziwa hawajayafikia, kijana akaachiwa msafara. Kwao hii ni hadithi ya kijana jasiri aliyeendelea mbele. Sawa, alikuwa jasiri. Lakini mkuu wa wapagazi katika msafara ule alikuwa James Chuma, yule aliyeichukua maiti ya Livingstone pamoja na Abdullah Susi na wenzao kutoka kwa Chitambo, Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo, miezi kama tisa njiani, wakipita nchi ambazo kubeba maiti ni nuksi. Mtu wa namna hiyo ukimkabidhi kijana wa miaka 21, nani anamwongoza mwenzake?

Mwaka 1883 Thomson akarudi, akitumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia, safari hii apite Umasaini mpaka Ziwa Nyanza. Alitoka Mombasa, akajaribu, akarudi nyuma, maana Wamasai walikuwa wamechachamaa. Kilichompitisha baadaye ni kujiunga na msafara wa mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, Jumbe Kimemeta, mtu wa jicho moja, uso umetobolewa na ndui, ambaye njia ya Umasaini kwake ilikuwa njia ya kazini. Huyo Kimemeta miaka michache baadaye alikwenda tena na Count Teleki, ile safari ya 1887 na 1888 inayosemekana iligundua ziwa tunaloliita sasa Turkana.

Basi humo njiani Thomson alijitangaza mganga. Zana zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni chumvi ya Eno. Ndiyo, ENO hii hii mnayoitafuta dukani baada ya pilau ya harusi. Aliitia majini ikachemka bila moto. Ya pili ilikuwa meno yake mawili ya bandia, aliyoyatoa mbele za watu akayarudisha mahali pake. Anasimulia mwenyewe, kwa furaha kabisa, jinsi Wamasai walivyotaka kutimua mbio. Kitabu chake kikatoka mwanzoni mwa 1885. Mwezi wa Septemba, 1885 hiyo hiyo, ikatoka riwaya ya Haggard, na meno yamo ndani, yamehama kinywa. Thomson aliona ameibiwa. Mwaka 1888 naye akatoa riwaya yake ya kwetu huku, haikufika mbali.

Naomba tuyatazame meno haya kwa karibu kidogo, maana ndani yake ndimo ilimo biashara yote ya vitabu hivi. Inayouzwa ni mshangao. Usiku mmoja wa 1885 London ilibandikwa matangazo yakisema hicho ndicho kitabu cha kushangaza kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa. Ashangae nani? Msomaji, bila shaka, ndiye mwenye kulipa. Lakini msomaji wa London hashangai meno ya bandia, anayaona kila siku kwa shangazi yake. Ili yamshangaze lazima atafutiwe mtu wa kuyashangaa kwa niaba yake. Hapo ndipo sisi tulipoajiriwa.

Na kazi hiyo ina sharti moja: anayeshangaa asiwe anajua kitu. Mtu kama Kimemeta ni hasara katika hadithi. Ameona bunduki, ameona darubini, anajua bei ya pembe Zanzibar, anajua Mzungu huyu analala saa ngapi na anaogopa nini. Ukimweka mbele ya pazia mchezo unaharibika. Kwa hiyo riwaya inamwondoa. Inabaki na mwenye bunduki upande huu na mwenye mshangao upande ule, katikati hakuna mtu.

Nitoe mfano mwingine, wazee wavuvi mtaufurahia. Katika riwaya hiyo hiyo Wazungu wanataka kuonyesha uwezo wao mkubwa kuliko wote. Good ana kalenda, imeandikwa kwamba kesho jua litapatwa. Wanatangaza kuwa watalizima jua. Jua linazimika, Wakukuana wanalia. Sasa, usiku uliotangulia, mwandishi alikuwa ametuwekea mwezi mpevu. (Kicheko ukumbini.) Naam, mzee wangu pale ameshaliona. Jua hupatwa mwezi ukiwa umezama kizani, siku za mwandamo. Mwezi mpevu na kupatwa kwa jua havikai juma moja. Mtu yeyote anayesubiri bamvua ili akatege anajua. Haggard hakujua. Alipoambiwa, katika chapa za baadaye akabadili, ikawa mwezi ndio unaopatwa. Yaani elimu ile ile aliyowapa mashujaa wake wawatishie Waafrika, yeye mwenyewe hakuwa nayo.

Na hakuwa peke yake. Ballantyne, aliyelea wavulana wa Uingereza kwa hadithi za visiwa, aliandika 1857 juu ya vijana watatu waliotupwa na bahari kwenye kisiwa cha matumbawe. Wanaona kiu, wanachukua nazi, wanaitoboa kwa kisu, wanakunywa. Nazi ya Ballantyne haina makumbi! Alikuwa ameziona sokoni kwao tu, zimeshafuliwa. Kijana yeyote wa hapa ambaye amewahi kusimama mbele ya kifuo, miguu imepanuliwa, akasukuma nazi mpaka viganja vikaota sugu, anajua kuwa wale vijana watatu wangekufa kiu chini ya mnazi.

Nacheka, lakini nasema haya kwa sababu. Wasomaji wa vitabu hivi walikuwa wavulana wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu. Sheria ya elimu ya 1870 iliwajaza Waingereza madarasani, wachapaji wakaona soko. Likaja gazeti la wavulana 1879, likaja rundo la waandishi, kila Krismasi kitabu cha zawadi. Haggard mwenyewe amekitoa kitabu chake kwa wavulana wote, wakubwa na wadogo. Kijana aliyesoma 1885 akiwa na miaka kumi na mbili, 1900 ana ishirini na saba, anafaa kabisa kuwa bwana shauri mahali fulani. Anakuja na nazi isiyo na makumbi kichwani. Halafu anatushangaa sisi kwa nini hatushangai.

Hebu niwape sasa aliyelipa kwa mwili wake.

Mwaka 1871 Stanley yuko Unyanyembe, karibu na Tabora, yuko njiani kumtafuta Livingstone. Mfanyabiashara Mwarabu anampa zawadi: mtoto. Jina la mtoto, kwa masikio ya Stanley, lilikuwa Ndugu M'hali. Stanley hakulipenda. Akawauliza watu wake, mmoja akapendekeza Kalulu, jina la mnyama mdogo wa porini. Maji yakaletwa, kukafanyika ubatizo wa mzaha, na toka siku hiyo mtoto akaitwa Kalulu. Akamfuata Stanley mpaka Zanzibar, Uingereza, Marekani. Akapigwa picha studio London akiwa na bwana wake. Akatiwa shule huko huko.

Mwaka 1873 Stanley akaandika hadithi ya wavulana. Akaiita kwa jina la mtoto, Kalulu wangu, mwana wa mfalme, mfalme na mtumwa. Neno "wangu" limo juu ya jalada. Ndani, Kalulu ni mrithi wa kiti cha kifalme, hodari wa mkuki, rafiki wa Selim mtoto wa tajiri wa Zanzibar. Nje ya kitabu, Kalulu yuko London anasoma alfabeti.

Mwaka 1874 Stanley akamchukua tena, safari ya kukata bara kutoka Bagamoyo mpaka bahari ya Atlantiki. Tarehe 28 Machi 1877, katika mto Kongo, mtumbwi wa Kalulu ulichukuliwa na maji ukaanguka maporomoko. Hakuonekana tena. Stanley akayapa maporomoko yale jina la Kalulu. Alimpa jina mara mbili, basi: mara ya kwanza mtoto akapoteza la kwao, mara ya pili alikuwa ameshakufa. Mimi kila nikimfikiria najiuliza kama aliwahi kukisoma kile kitabu. Kiingereza alikuwa amekijua. Alikuwa kijana wa umri ule ule wa wasomaji waliotungiwa.

Nisonge mbele, naona mwenyekiti anatazama saa.

Mnajua wote habari za Carl Peters. Kila mtoto wa Tanzania ameandika jina la Mangungo wa Msowero kwenye daftari: Novemba 1884, karatasi ya Kijerumani, alama ya kidole au msalaba, na Usagara imekwenda. Februari 1885 Berlin inampa Peters hati ya ulinzi, siku moja baada ya ule mkutano wa kugawana Afrika kufungwa. Hayo mnayajua. Lisilofundishwa ni kwamba huyu mtu, baada ya kufukuzwa kazi kwa ukatili wake kule Kilimanjaro, mwaka 1899 alikwenda nchi za Zambezi kutafuta Ofiri, nchi ya dhahabu ya Mfalme Suleiman. Kweli kabisa. Akaandika na kitabu. Waingereza walikuwa na riwaya. Mjerumani huyu akatoka na koleo.

Lakini wazimu wa Ofiri ni wa zamani kuliko Haggard. Wareno walipofika Sofala walisema ndiyo hii. Mwaka 1871 Mjerumani mwingine, Karl Mauch, aliufikia mji wa mawe wa Zimbabwe Kuu. Alichukua kibanzi cha boriti ya mlangoni, akakinusa, akakilinganisha na penseli yake. Penseli ilikuwa ya mwerezi; basi boriti ni mwerezi, mwerezi ni wa Lebanoni, na jumba ni la Malkia wa Sheba. Ushahidi wote huo, penseli! Na watu waliojenga wako pale pale, wajukuu wao wanachunga ng'ombe chini ya ukuta. Wanaakiolojia walikuja kusema kweli: Randall-MacIver 1905, kisha Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, kwamba ni kazi ya Waafrika. Mwaka 1929, nasema tena. Mwaka huo huo ambao sisi tulitafsiriwa Mashimo ya Mfalme Sulemani kwa Kiswahili fasaha ili tusome shuleni kuwa kazi kubwa kama hizo ziliachwa na watu wengine.

Sasa sikilizeni kitu ambacho kila nikikisimulia nywele zinanisimama. Katika uchimbaji wa Zimbabwe Kuu ilipatikana sarafu moja ya shaba. Sarafu ya Kilwa. Imepigwa kwa jina la sultani aliyetawala Kilwa kati ya miaka ya 1320 na 1333 hivi, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta alipopita 1331. Dhahabu ya bara ile ilikuwa ikishuka Sofala, ikapanda na majahazi mpaka Kilwa, na utajiri huo ndio mnauona katika magofu ya Husuni Kubwa. Jina la sultani: al-Hasan bin Sulaiman.

Bin Sulaiman! Walitafuta miaka mia nne. Alikuwepo. Alikuwa kusini ya hapa, mwendo wa jahazi.

Kuna kijana ataniuliza, na ni haki yake: mzee, wenyewe tuliandika? Tuliandika. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Brode akayachapa miaka ya 1902 na 1903. Yule alikuwa na visa vya kujaza riwaya kumi: vita, falme, mito, Livingstone, Stanley, wote amekutana nao. Anaanzaje? Anasema alipokuwa na miaka kumi na miwili alianza safari za karibu, akichukua sandarusi. Sandarusi. Hakuna ramani iliyochorwa kwa damu. Bidhaa, bei, hongo, posho, deni kwa Mhindi Zanzibar. Watu wa bara kwake si wa kushangaza wala wa kushangazwa. Ni wa kununua kwao, kupigana nao, kuoa kwao, kuwadhulumu. Naye si malaika, tusije tukamvika joho; mtu alibebeshwa pembe mabegani mwake, na wengine waliuzwa pamoja na pembe. Ila ukisoma utaona kwamba msimulizi anajua hakuna aliyetoka kwenye nyota.

Mwaka 1901 Carl Velten alichapa Safari za Wasuaheli, na humo yumo Selim bin Abakari, Mngazija, aliyekwenda Urusi mpaka Siberia mwaka 1896, akarudi akatueleza sisi Warusi wakoje. Wanafunzi, kitafuteni. Ni kitabu cha safari kilichoelekea kaskazini.

Nisimdhulumu Haggard. Alikuwa na sikio. Aliishi Natal na Transvaal toka 1875, kijana wa miaka kumi na tisa, mwaka 1877 alishiriki kupandisha bendera ya Uingereza Pretoria, na aliporudi kwao aliandika riwaya ile kwa wiki sita hivi, kwa dau aliloweka na nduguye kwamba anaweza kushindana na kisa cha maharamia kilichokuwa kinasifiwa. Haraka hiyo ilimsaidia na ilimponza. Ilimponza, kama mlivyoona kwenye mwezi. Ilimsaidia, kwa sababu kuna mambo yalimponyoka. Umbopa, yule mtumishi, kumbe ndiye Ignosi, mfalme halali wa Wakukuana. Anapata kiti chake. Wazungu wanaaga. Na mfalme anawaambia kwamba nyinyi ni ndugu zangu, mkirudi mtapokewa, lakini Mzungu mwingine asivuke milima hii. Sitaki wafanyabiashara na bunduki zao na pombe zao. Sitaki wahubiri wa kuja kututisha na mauti ili wawachochee watu dhidi ya sheria za mfalme.

Ofisa wa zamani wa dola ndiye aliyeandika hayo. Mwalimu wetu alipofika hapo, Ijumaa ile, aliacha kusoma. Ilikuwa miaka ya Azimio la Arusha. Akasema, "Nani atarudia aya hii kwa sauti?" Mikono arobaini ikapaa. Wakubwa wa Kiingereza walikusudia tumpende Quatermain. Darasa zima tulikuwa watu wa Umbopa toka sura ya nne, na aliposema asivuke mtu tulipiga madawati mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka vitabu hivi vitolewe maktaba. Mwaka jana nilimsomea mjukuu wangu. Kuna mtumishi mwingine humo, Khiva, Mzulu, anayeuawa na tembo akimwokoa Good. Wanamzika kwenye shimo la mhanga, wanamtilia mkuki wa kujilinda njiani, safari inaendelea ukurasa huo huo. Mtoto akanishika mkono nisifungue mwingine. "Babu, mama yake nani alimwambia?" Nikageuza kurasa mbele, nikageuza nyuma. Hakuna aliyekwenda.

Nimalizie na la jana. Nilifika Pangani mapema, nikaona nitumie jioni kumuulizia Jumbe Kimemeta. Thomson ameachiwa maporomoko kule Nyahururu, Kenya, ijapokuwa mji wenyewe, uliokuwa ukiitwa kwa jina lake, umebadilishwa jina, na ameachiwa swala: kila swala tomi anayekata mbuga anatembea na jina lake. Nikasema mwenzake aliyempitisha, labda kaachiwa japo uchochoro. Nikawauliza wazee wawili waliokaa karibu na kivuko wakicheza bao. Wa kwanza akasema jina analisikia, nyumba yao ilikuwa ng'ambo, Bweni. Wa pili akasema Bweni wapi, hao walikuwa huku huku, nyuma ya soko, na ule mwembe ulikatwa juzi tu. Wa kwanza akasema mwembe ule ulikuwa wa watu wengine. Wakaacha bao. Wakaanza kutajiana wajomba. Kivuko kikapiga king'ora, nami nilikuwa na mizigo Bweni. Nikawaaga, hawakunisikia, na nilipokuwa katikati ya mto nikawaona wamesimama wote wawili, mmoja anaonyesha kidole huku, mwingine kule.